Watoto wangu wa mwaloni wanaamini watashinda bwawani. Niwaambie ukweli?

Mwalimu wa Mwaloni

Wakuu, habari za jioni. Maelezo yangu ni marefu kidogo, naomba mnivumilie. Nikiyakata hamtaelewa kinachoninyima usingizi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Ilemela, Mwanza, kwenye mwalo wa dagaa wa Ziwa Victoria. Ukipita hapa saa nne asubuhi unakuta mchanga wote unang'aa kwa dagaa walioanikwa. Baba yangu alivua miaka mingi na hakujua kuogelea. Wavuvi wengi hapa wako hivyo hivyo, ingawa watu wa mbali hawaamini. Mtu anazaliwa hatua kumi kutoka majini, anaoga ziwani, anafua ziwani, anakesha ziwani na karabai, halafu mtumbwi ukipinduka anazama. Mwaka juzi tulimzika kijana niliyemfundisha kusoma darasa la kwanza. Alipatikana siku ya tatu, kwenye magugu maji.

Baada ya matanga nilikwenda kwa mwenyekiti wa BMU, kile kikundi cha kusimamia ufukwe na uvuvi, nikaomba kipande cha ufukwe kila Jumanne na Jumamosi nifundishe watoto kuogelea. Wazee wakanionyesha pa kuepuka, penye matete na pale mamba alipowahi kuonekana. Nilianza na watoto wanne, leo wapo kumi na mmoja, wasichana wakiwa wanne. Ratiba yetu inafuata mwezi. Siku za giza wavulana wakubwa hawaji, wanaingia kwenye dagaa au wanasaidia kuanika. Mbalamwezi ikirudi, nao wanarudi.

Sasa kosa langu. Shemeji yangu aliniletea kwenye flashi filamu ya mwaka 2007 inayomhusu Jim Ellis, yule kocha wa Philadelphia, Marekani, aliyeanzisha timu ya kuogelea ya vijana weusi kwenye kituo cha michezo cha mtaani. Niliwaonyesha darasani kwa kompyuta ndogo, tumeziba madirisha kwa kanga. Swali la kwanza la mtoto mmoja, nitamwita Bahati, lilikuwa: "Mwalimu, mbona maji yao hayana mawimbi?" Lakini walipotoka mle ndani walikuwa watoto wengine. Walikuwa wameona watoto wanaofanana nao wakidharauliwa, kisha wakishinda. Tangu siku ile wanaongea kana kwamba hiyo ndiyo kanuni, ukidharauliwa kwanza basi mwisho utashinda.

Wiki iliyofuata ikaja barua. Shule moja mjini yenye bwawa la mita 25 imetualika kwenye mashindano ya watoto, baada ya wiki sita. Wakaturuhusu tuende kujaribu bwawa mara moja. Nikawapeleka.

Msichana wangu hodari kuliko wote, nitamwita Neema, aliingia vizuri, akaogelea kama mita nane, akasimama ghafla akashika kamba na kulia. Nilidhani amemeza maji. Alipotulia aliniambia: "Mwalimu, nimeona chini." Ziwa letu ni la kijani, ukiweka uso majini huoni hata mkono wako vizuri. Mtoto huyu hajawahi maishani mwake kuona sakafu ya maji anayoelea juu yake. Alijiona yuko juu ya paa, anaanguka.

Wenyeji walikuwa watoto wa umri wao, wana miwani ya maji na kofia, wanageuka ukutani kwa kupinduka kama samaki. Baadhi walicheka. Mwalimu wao aliwakemea, sina lawama. Nikaomba anisaidie muda wa mwaka jana. Mshindi wa mita 50 fristaili, yaani mtindo huru, miaka 12 kushuka chini, aliogelea kwa sekunde 36. Bahati, mwepesi wangu kuliko wote, nilimpima kwa simu siku ile ile: sekunde 58.

Njiani kwenye daladala walikuwa wanaimba. Bahati akaniuliza, "Mwalimu, kombe litakaa ofisini au kwa mwenyekiti wa BMU?"

Ndugu zangu, niwaambie ukweli kwamba hawatashinda? Nikiwaambia, nawavunja. Nisipowaambia, nawapeleka wakaumie mbele za watu, na aliyewadanganya nitakuwa mimi. Au niwaache tu na ziwa lao? Naomba ushauri wa mtu aliyewahi kufundisha watoto, au aliyewahi kuwa mtoto wa namna hiyo.

Njia ya Nne

Mwalimu, nimesoma mara mbili. Niliogelea miaka sita nikiwa shule, Dar es Salaam, na mashindano yangu ya kwanza niliondolewa kwa kuruka kabla ya mlio. Nina mambo mawili ya kukuambia, la ufundi na la ukweli.

Ufundi kwanza, maana wiki sita si haba. Waandikishe fristaili tu. Mtindo wa chura unaonekana rahisi lakini una sheria zinazowaondoa wageni: ukutani lazima uguse kwa mikono miwili kwa pamoja, na miguu ipige sawasawa. Watoto wa ziwani wengi hupiga mguu mmoja kwa upande bila kujijua. Mtindo wa mgongo nao uache, kwa sababu bwawani kuna bendera zinazoning'inia mita 5 kabla ya ukuta ili mwogeleaji ahesabu mikono yake, na asiyezizoea hupigiza kichwa. Fristaili unaruhusiwa kugusa ukuta kwa sehemu yoyote ya mwili, hivyo usihangaike kuwafundisha kupinduka. Mguso wa mkono, kukunja magoti, kusukuma kwa nguvu na kuteleza umenyooka kama mshale. Msukumo mmoja mzuri utampunguzia Bahati sekunde nzima au zaidi.

Pili, uso uingie majini. Kwa sekunde ulizotaja nina hakika wanaogelea kichwa juu, kama mtu anayeangalia mtumbwi unakuja. Kichwa kikiinuka miguu inazama, na hapo unaburuta mwili wako kama jahazi lililojaa maji. Wafundishe kutoa pumzi ndani ya maji na kuvuta hewa kwa kugeuza kichwa pembeni. Hilo peke yake linachukua wiki tatu, anza kesho.

Tatu, kuruka. TAFADHALI usiwafundishe kuruka kichwa mbele kwenye maji ya kina kifupi ziwani. Shingo huvunjika. Waulize waandaaji kama wanaruhusu watoto kuanzia ndani ya maji, mikono ikishika ukuta. Na uwazoeshe filimbi: fupi fupi za kujiandaa, moja ndefu ya kupanda au kuingia, kisha "jiandae", kisha mlio. Anayetikisika kabla ya mlio anaondoka, hakuna nafasi ya pili.

Sasa ukweli. Usiwaambie "hamtashinda". Maneno hayo ni mazito na hayana kipimo. Waonyeshe kwa macho. Chora mchangani mstari wa mita 50 na utembee nao. Kama mshindi anatumia sekunde 36 na Bahati 58, mshindi anapogusa ukuta Bahati yuko kwenye mita ya 31. Chomeka kijiti pale. Mwambie: wewe uko hapa, mwenzako yuko pale, mita 19 zimebaki, tuna wiki sita za kukisogeza hiki kijiti. Mtoto haumizwi na umbali anaouona. Kinachomuumiza ni kuambiwa ndoto halafu ukuta umwambie habari nyingine.

Na filamu ile waelezee vizuri. Imebana miaka mingi ndani ya muda mfupi. Jim Ellis alianza mwaka 1971, na filamu ilipotoka 2007 alikuwa bado yuko pembeni ya bwawa na filimbi yake. Miaka 36!

Mzee wa Ukara

Mwanangu mwalimu, nakupongeza kwa kazi ya kuwafundisha. Lakini nitasema ninachoona, usinichukie.

Mashindano ya nini? Mimi ni mtu wa kisiwa cha Ukara. Tarehe 20 Septemba 2018 nilikuwa nimesimama kwenye gati kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka. Watu 228 walikufa, na kilikuwa karibu kufika. Shemeji yangu alikuwa ndani. Kabla ya hapo meli ya MV Bukoba ilizama, tarehe 21 Mei 1996, na makaburi yake yako Igoma, kila mtu wa Mwanza anayajua. Mtoto wa ziwani anatakiwa ajue kuelea, ajue kutulia, ajue kumsubiri anayemwokoa. Hizo sekunde zenu hazimuokoi mtu. Nauli ya kuwapeleka mjini nunua maboya ya kujiokolea. Na mtoto akishachekwa huko, mzazi atamtoa, na utakuwa umepoteza hata kile kidogo ulichojenga.

Mwalimu wa Mwaloni

Shikamoo mzee. Pole sana kwa shemeji yako, na asante kwa kunieleza. Siwezi kukuchukia kwa neno la namna hiyo.

Nikujibu kwa heshima. Nilipoanza nilifundisha kuelea tu, kama unavyosema. Miezi mitatu ya kwanza hatukufanya kingine: kulala chali, kupumua, kushikilia dumu la lita 20 lililofungwa mfuniko. Watoto walikuja, wakajua, wakaacha kuja. Mtoto wa miaka 11 hawezi kuja kila Jumanne kwa sababu ya kifo. Anakuja kwa sababu kuna mwenzake anataka kumpita. Tangu tuanze kushindana wenyewe kwa wenyewe, kutoka boya hadi boya, hakuna aliyekosa ila kwa dagaa. Na kuelea bado tunaanza nako kila siku kabla ya jambo lolote. Ukipita huku mzee, karibu uwaone.

Njia ya Nne, nimeandika yote kwenye daftari. Shida moja. Ziwani hakuna ukuta. Watagusa nini?

Fundi Mitumbwi

Ukuta upo mwalimu. Tafuta mtumbwi mbovu, hapo mwaloni hautakosa uliokufa mbao za chini lakini ubavu ni mzima. Uburuteni hadi maji ya kifuani, uweke upande wake utazame ufukwe, ujazeni mawe mpaka ukae chini kabisa usitikisike. Ukiacha unaelea, mtoto akisukuma na wenyewe unakwenda, hapati kitu. Kama ubavu hautokezi juu ya maji, anza kwa kupanga mawe chini yake, mawe Mwanza hatununui. Ng'oa misumari yote iliyotokeza na uparaze mbao, watoto wasichanike nyayo. Kutoka hapo pima mita 25 kwa kamba ya nyavu, weka wa pili. Mimi nipo Kirumba, kama hujapata fundi nitakuja Jumapili, sitaki hela, nitakunywa chai.

Maabara

Mwalimu, naomba nami niongeze, maana hakuna aliyetaja kichocho na mimi ndiye ninayekiona kwenye darubini kila wiki. Huku kwetu kinachotawala ni kichocho cha tumbo. Watoto wako wanaingia majini mara mbili kwa wiki, na sasa nadhani utaongeza siku. Basi:

Vijidudu vinatoka kwenye konokono, na konokono wanapenda maji yaliyotulia yenye majani pembezoni. Vinatoka kwa wingi jua likiwa kali, kuelekea adhuhuri. Kwa hiyo fanya mazoezi asubuhi jua likishatoka, mbali na matete, mahali penye mawimbi kidogo. Haiondoi hatari, inaipunguza.

Dawa ni praziquantel, ile inayogawiwa shuleni kwa kupima mtoto na mti wa urefu. Watu wengi hawajui kwamba inaua minyoo iliyokomaa, ile michanga inapona. Mtoto aliyemeza leo baada ya kuoga ziwani wiki iliyopita bado anaweza kuwa nao. Wapeleke zahanati wapimwe choo sasa, kisha tena baada ya wiki sita hadi nane. Na wafundishe wote: choo ni chooni, si kwenye matete. Bila hilo tunawatibu na kuwarudisha kwenye maji yale yale.

Usiache kuwafundisha. Ninasema hivi kwa sababu nataka uendelee.

Mama wa Wawili

Mwalimu, wasichana wanne kati ya kumi na mmoja, je wazazi wao wamekubali? Mimi niko Nyegezi na binti yangu nilimkataza mwanzoni kwa sababu ya mavazi, si kwa sababu ya maji. Kilichonibadilisha ni mwalimu wake kuja nyumbani, akaketi, akasema atavaa taiti hadi magotini na fulana ya kubana. Hakuniambia nibadilike. Nenda kwa akina mama wenyewe kabla ya siku, na uende na nguo mkononi, waishike.

Njia ya Nne

Nimekumbuka jambo kuhusu Neema. Usimwambie asiogope. Mwambie chini ya bwawa kuna mstari mweusi, na mstari ule ni wake, kila njia ina wake. Kazi yake ni kuufuata tu kama mtu anayefuata njia ya ng'ombe. Na mtafutie miwani ya maji, maana klorini ikiwasha macho hofu inaongezeka.

Pia kuna habari mbili za kuwasimulia badala ya filamu. Anthony Nesty wa Suriname, Olimpiki ya Seoul 1988, mita 100 mtindo wa kipepeo: alishinda dhahabu kwa 53.00, na Matt Biondi wa Marekani akapata 53.01. Nchi ndogo, watu wachache. Lakini waambie pia kwamba Nesty alikwenda kusoma na kufanya mazoezi Marekani kwanza, haikutokea tu. Halafu Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta, Sydney 2000. Alijifunzia bwawa dogo la hoteli. Wenzake wawili kwenye kundi lake waliondolewa kwa kuruka mapema, akaogelea mita 100 peke yake mbele ya uwanja mzima, dakika 1 na sekunde 52.72. Nusura asimame mita za mwisho. Alimaliza. Mwaka 2012 alikuwa kocha wa timu ya taifa lake. Mimi huyu wa pili ndiye ninayempenda.

Mwalimu wa Mwaloni

MREJESHO.

Wakuu, samahani kwa kukaa kimya. Mashindano yalikuwa Jumamosi iliyopita, nimepata nafasi leo.

Fundi alikuja kweli, na chai alikunywa. Mitumbwi miwili imekaa, watoto wanaiita Ukuta wa Magharibi na Ukuta wa Duka, kwa sababu mmoja unaelekea dukani. Zahanati wamepimwa wote kumi na mmoja, sita walikuwa na kichocho, wamemeza dawa na watarudi kupimwa. Maabara, nakushukuru kwa moyo wote. Sikuwa nimefikiria hata kidogo, na ningekuwa nafundisha uhai kwa mkono mmoja na ugonjwa kwa mwingine.

Ukweli niliwaambia kwa kijiti. Ilikuwa Jumanne, nilipima mita 50 mchangani, nikachomeka kijiti cha Bahati kwenye 31. Alikaa pale akitazama upande ule mwingine muda mrefu. Nilijua ndiyo siku atakayoacha. Akauliza, "Na wengine wako wapi?" Kila mmoja akataka chake. Tulichomeka vijiti kumi na kimoja, cha mwisho kilikuwa mita ya 22, cha mtoto wa miaka tisa, naye alikivalisha kofia ya chupa ya soda ili akijue. Kila Jumanne tulisogeza. Kuna wiki ambazo havikusogea. Wiki ya nne cha Bahati kilirudi nyuma, kwa sababu ndiyo alikuwa anajifunza kuweka uso majini na kumeza ziwa zima.

Akina mama niliwatembelea na taiti mkononi. Watatu walikubali. Mmoja hakukubali, na nimemheshimu, binti anaendelea nasi ziwani.

Tulikwenda wanane, kwa sababu giza lilikuwa limeingia na wavulana wawili walihitajika kwenye dagaa. Hilo liliniuma, sitaficha.

Matokeo: mshindi wa mita 50 wavulana alitumia sekunde 35. Bahati 49, wa tano kati ya sita. Alipogusa ukuta aliangalia ubao, hakuangalia jukwaa. Nilimwona akihesabu kwa vidole majini, na mimi najua alichokuwa anahesabu. Tuliporudi alikwenda moja kwa moja mchangani, usiku, na tochi ya simu yangu, kukisogeza kijiti.

Neema. Alipangwa njia ya kwanza, kando ya ukuta. Alianza ndani ya maji. Niliona anafika pale pale, mita ya nane, mikono ikapungua. Nilisimama. Nilishindwa hata kuita jina lake. Kisha mkono ukatoka, mwingine ukatoka, kichwa hakikuinuka. Alikuwa wa mwisho, kwa mbali, dakika 1 na sekunde 11, na wale watoto wa wenyeji walimpigia makofi mita kumi za mwisho. Wengine ni wale wale waliocheka. Nilimuuliza ulionaje. Akasema, "Nimeufuata mpaka ukaisha."

Kombe hatuna. Bahati hajauliza tena litakaa wapi, ameuliza mashindano mengine ni mwezi gani na kama yatakuwa wakati wa mbalamwezi.

Mzee wa Ukara, yule mwenye kofia ya chupa sasa analala chali dakika kumi bila kushika kitu. Nimempima kwa ajili yako.

Jana nimefika ufukweni nikakuta wamechukua kamba nyeusi ya nyavu, wameifunga mawe na kuilaza chini, kutoka Ukuta wa Magharibi hadi Ukuta wa Duka. Maji ni ya kijani vile vile, ukiinamisha uso huioni. Wameivuta ikanyooka hivyo hivyo, wanapokezana kuishika chini kwa miguu.

Njia ya Nne, miwani ya maji ya saizi ya mtoto wa miaka tisa naipata wapi hapa mjini? Niliyonunua inamdondoka.